Kiti cha Pili cha Kambale

Madale, Jumapili 14 Aprili 2024

Braza Alfonsi,

Kwanza shikamoo, na shikamoo nyingine kwa afande anayefungua barua za watu. Afande, soma taratibu, mwandiko wangu mzuri kuliko wa daktari, na ukimaliza umpe mwenyewe.

Mie mzima. Sista wetu Flaviana mzima, bado anafundisha darasa la pili kule Mbagala, na kila nikipita kwake Tandika ananikagua kucha kama mwanafunzi wake. Anasema umekonda. Nimemwambia Alfonsi hajakonda, anapunguza mwili kwa gharama za serikali.

Sasa shika ukuta. Mdogo wako aliyekimbia shule kidato cha pili, yule uliyesema atazeekea kwenye mageti ya watu, anatengeneza nyambizi. Sijakosea kuandika. Nyambizi! Chombo cha kuzama majini na watu ndani, halafu watu wakarudi. Siyo cha vita, ni cha kushuka ziwani kuangalia. Kipo huku Madale mlimani, kwenye uwanja wa mzee mmoja Mhaya anaitwa Kamugisha, mhandisi wa meli aliyestaafu akakataa kupumzika. Ni duara la chuma, unene kama kidole gumba, ndani viti viwili, mbele dirisha moja la plastiki nene kama tofali, na taa kali nne. Majirani wanaliita pipa la mzee. Mwenyewe kalipa jina Kambale. Kuna watafiti wa samaki wanataka kupiga picha Ziwa Nyasa, mita mia mbili kwenda chini, ambako jua halijawahi kupiga hodi. Ziwa la baba, braza! Mzee wetu alikuwa anatusimuliaga mpaka tunasinzia, leo mie mzaliwa wa Temeke ndiye nitakayelijua tumbo lake.

Kitu kimoja. Mzee alitaka fundi mwenye ujuzi wa maandishi. Kwa hiyo nilikwenda na lile shati lako la bluu, pamoja na kile kilichokuwa kwenye bahasha chini ya shati, chenye muhuri wa chuo. Pale uwanjani naitwa Alfonsi. Usikunje uso. Sura tumefanana, tena kwa pua nimekuzidi.

Yale mabomba tusiyaongelee humu. Wewe unajua kwa nini na mie najua kwa nini. Nitakuja kukuona, ila siyo mwezi huu, kazi zimenibana.

Mdogo wako,
Injinia Gaudens

*

Segerea, 5 Mei 2024

Mdogo wangu Gaudens,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imenifikia ikiwa na duara la kikombe cha chai, kwa hiyo afande ameisoma kwa utulivu kama ulivyomwomba.

Kesi imeahirishwa tena. Upelelezi haujakamilika. Huu ni mwezi wa kumi na nne. Nimeshazoea kusimama, kusikia tarehe mpya, na kurudi kwenye gari. Mabomba siyaongelei, kama unavyotaka. Sijawahi kuyaongelea kwa mtu yeyote, na hilo unalijua.

Kuhusu shati, nilikasirika siku mbili, halafu nikaona hasira yangu haina njia ya kutoka getini. Lakini nisikilize. Kile ulichokikuta kwenye bahasha nilikisomea miaka miwili, na siyo picha na muhuri tu. Mshono wa geti ukiachia, mwenye nyumba anakuita urudi. Mshono wa Kambale ukiachia hakuna wa kukuita. Kwa mita mia mbili, maji yanakandamiza kila sehemu ya chuma yenye ukubwa wa kiganja chako kwa tani mbili. Fikiria gari dogo limejaa watu, limesimama juu ya kiganja kimoja. Halafu hesabu viganja vingapi vinaenea pipa zima.

Niandikie unachokifanya hasa. Vijiti gani unachomelea, unavikaushia wapi, mzee anaupima vipi mshono na baada ya muda gani. Usinipambie.

Na uje, Gau. Flaviana anakuja peke yake kila mwezi. Watu wa hapa wanadhani ana kaka mmoja tu.

Kaka yako,
Alfonsi

*

Madale, 26 Mei 2024

Braza,

Umeandika kama mwalimu wa fizikia, mpaka nikajihisi nimerudi dawati la nyuma. Haya, mwanafunzi wako anajibu.

Kambale kaisha! Rangi ya njano, anang'aa kama ndizi mbivu. Kazi kubwa ilikuwa pete ya mlango, lile duara la juu ambapo watu wanaingilia, na nimelichomelea mie kwa mkono huu, siku mbili. Mzee Kamugisha kapitisha kidole akasema, "Alfonsi, umeshona kama fundi cherehani." Umesikia? Jina lako linasifiwa na we umelala tu huko.

Vijiti ni vile vya maboksi ya kijani, vya chuma kizito. Mzee ana oveni ya kuvikaushia, ila umeme wa huku unajua tabia yake, na masika ya mwaka huu yalitunyeshea mpaka kwenye mifuko ya suruali. Nikafanya kama tunavyofanyaga kwenye mageti: nikavianika juu ya bati, jua lilipogoma nikavipanga pembeni ya jiko la mama anayetupikia maharage. Vikawa vikavu kabisa, vinalia kama njugu. Mageti yote ya Madale yamechomelewa hivyo hivyo na hayajawahi kulalamika. Mzee alikuwa kafuata dirisha bandarini, sikuona haja ya kumsumbua.

Kesho yake kulikuwa na kamstari kadogo, kama unywele, upande wa bawaba. Uchafu tu. Nikakapitisha grenda, nikakashona juu kidogo, rangi ya njano ikafuata. Hata wewe usingekaona. Mzee alipima kwa ile dawa nyekundu ya kuonyesha nyufa jioni ile ile niliyomaliza, kabla ya kamstari kutokea, akasema safi.

Tumeshamjaribu. Tulimpeleka kwa winchi kwenye shimo moja la machimbo lililojaa maji, upande wa Kunduchi, mita kumi na mbili. Hajavuja hata tone. Albano, mshikaji wangu wa grenda, alikuwa juu anapiga makofi kama yuko mpirani. Huyu Albano utampenda. Kichwa kikavu, roho nyeupe. Anamwoa dada mmoja wa Kawe, Anjelina, ndoa Agosti, na kanichagua mie nisimame pembeni yake kanisani. Nimemwambia nikisimama mie watu hawatamwona bwana harusi.

Sasa utamu wenyewe. Mzee ana sheria aliyotoka nayo kwenye meli: safari ya kwanza ya kina kirefu, rubani anakaa kiti cha kwanza, na kiti cha pili anakaa aliyechomelea. Siyo mgeni, siyo mtafiti. Anasema hivyo ndivyo fundi anavyotia sahihi. Kwa hiyo mwezi wa saba mie ndiye binadamu wa pili kufika kule chini. Mwambie afande anisalimie sasa hivi, kesho nitakuwa mtu wa kwenye televisheni.

Gaudens wa Kambale

*

Segerea, 16 Juni 2024

Gaudens,

Sina salamu. Barua yako nimeipata jana. Hii nimemwomba Flaviana aikimbize leo hii hii.

Asikae mtu ndani ya chombo hicho. Mtu yeyote.

Vile vijiti vinanyonya unyevu kama chumvi. Ukavu unaousikia kwa nje siyo ukavu. Unyevu unaingia kwenye mshono na unakaa kimya. Siku hiyo hiyo mshono ni safi, hata dawa nyekundu haitaona kitu. Baada ya siku, au wiki, chuma kinaanza kupasuka kwa ndani, chenyewe, bila kuguswa. Ndiyo maana tunafundishwa kupima baada ya siku mbili, siyo jioni ile ile. Geti linaweza kuishi na ufa huo miaka ishirini kwa sababu hakuna kinacholikandamiza. Ule mstari kama unywele haukuwa uchafu, Gau. Ulikuwa umeanza kupasuka na wewe ukaufunika.

Fanya hivi. Nenda kwa mzee. Mwambie vijiti ulivikaushia jikoni. Mwambie kuhusu mstari. Pete yote ing'olewe, ichomelewe upya kwa vijiti vilivyokaa ovenini masaa mawili. Atakufukuza. Mwache akufukuze. Na umwambie jina lako.

Kama mdomo unakuwa mzito, mpe barua hii aisome mwenyewe. Nimeiandika kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho ya mzee.

Alfonsi

*

Madale, 27 Juni 2024

Braza,

Punguza presha, utaumwa na huko dawa ni za foleni. Nimekusoma vizuri, mara tatu, herufi kubwa zote. Ila nawe ukumbuke umekaa kati ya kuta nne miezi kumi na mitano, lazima uone nyufa kila mahali. Mie ndiye niliyeushika mshono. Ungeuona usingeandika vile.

Na niende kwa mzee nikasemeje? "Shikamoo, mie siyo Alfonsi, cheti siyo changu, na vijiti nilivichoma na maharage"? Yule mzee ananiita mwanangu. Mkewe, Mama Auleria, ananiwekea paja la kuku. Watafiti wameshapewa tarehe, fuso la kumbeba Kambale limeshalipwa, Albano kashanunua sweta jekundu la baridi ya ziwani. Mzee atazeeka ghafla nikimwambia ang'oe pete.

Nitaongea naye. Nimesema nitaongea naye. Tukifika huko kuna majaribio ya kina kidogo kidogo, nitatafuta wakati mzuri, akiwa kashiba.

Barua yako ninayo mfukoni, sijaitupa. Tunaondoka Jumatatu.

G.

*

Kambini, Ziwa Nyasa, 11 Julai 2024

Kaka Alfonsi,

Baba hakutudanganya. Maji haya matamu kweli, nimekunywa kwa kiganja, na ni safi mpaka unaona mawe kama yako mezani. Nimekaa nikayaangalia asubuhi nzima bila kumtania mtu, mpaka Albano akaniuliza kama nimefiwa.

Leo tumeshuka mita arobaini, mzee na mie. Kwanza rangi zinaondoka moja moja, nyekundu ndiyo inatangulia. Kisha baridi. Mzee alikuwa na furaha kama mtoto, anawataja samaki kwa majina ya kizungu na ya Kihaya. Mie nilikuwa nasikilizia chuma. Kwenye pete, upande wa bawaba, nilisikia kitu. Tik. Kama mtu anayekunja kidole kikalia. Kisha tena, tik. Nikamwangalia mzee. Akasema, "Chuma kinajipanga, Alfonsi, kimezoea joto la Dar." Nikasema ndiyo mzee.

Tulipotoka nilikwenda pembeni nikatapika. Homa imenipanda, nadhani ni malaria, mbu wa huku wana meno. Mzee kanishika paji la uso akasema tutaona asubuhi. Kesho ndiyo siku ya mita mia mbili. Albano ameshaanza uchokozi, kakaa kwenye kiti changu na sweta lake jekundu, anasema hakuna haja ya kusubiri mgonjwa.

Sijaongea na mzee bado. Alikuwa na furaha sana leo.

Barua hii nampa dereva wa lori la dagaa, itachelewa kukufikia. Ikikufikia ujue yote yamekwisha salama, na mie nakuja Segerea. Naapa safari hii nakuja.

Gaudens

*

Segerea, 17 Julai 2024

Dada Flaviana,

Kaa chini kabla hujaisoma hii, na kama uko shuleni subiri ufike nyumbani.

Jana mchana nilikuwa nafagia karibu na chumba cha askari. Redio ilikuwa inasoma habari. Chombo cha kuzamia kimepotea Ziwa Nyasa tangu tarehe kumi na mbili, kwenye kina kirefu, hakuna dalili ya uhai na miili haiwezi kufikiwa. Wakataja waliokuwemo. Mhandisi mstaafu Kamugisha. Na fundi mchomeleaji, wakataja jina langu. Alfonsi, na jina la baba, yote mawili.

Afande akacheka, akaniambia, "Wewe Alfonsi, kumbe umeshakufa?" Nikacheka naye. Sikujua la kufanya na uso wangu.

Ni Gau, dada. Alikuwa anatumia jina langu kule. Nilimwandikia. Wewe mwenyewe uliikimbiza ile barua. Nashindwa kujua kama aliidharau, au alimwambia mzee na mzee akaidharau. Ningependa iwe hiyo ya pili.

Nenda Madale kwenye msiba wa mzee, usimame na mama yule. Wakikuuliza wewe ni nani kwa fundi, sema dada yake. Hutakuwa umesema uongo. Mwombe padre misa, ila atamtaja nani? Waambie wamtaje Gaudens. Mungu hasomi vyeti.

Nimemkasirikia mtoto yule kwa miezi kumi na sita. Sasa hasira imebaki mikononi mwangu na mwenyewe hayupo.

Alfonsi

*

Chanika, 11 Agosti 2024

Kaka,

Hii haipiti kwa afande. Nimeifunga kwenye nailoni, nikaupasua mche wa sabuni na kuifukia ndani. Nimempa mtoto wa jirani aupeleke kwa Flaviana, amwambie ni sabuni yako na aikate mwenyewe. Kwa hiyo dada atakuwa amejua kabla yako.

Mie nipo hai.

Nimekaa nikiyatazama hayo maneno matatu ya juu tangu asubuhi. Siku nyingine ningeweka utani hapo.

Asubuhi ile homa haikuwepo. Nilikunywa chai ya moto sana kisha nikamwita mzee anishike paji la uso. Nilifanya hivyo, Alfonsi. Niliunguza mdomo ili niwe na homa. Mzee akasema, "Basi kiti cha fundi kikae wazi, tusubiri." Nikadhani nimepona, nikadhani Mungu kanisaidia. Ndipo Albano akasema yeye ndiye aliyepiga grenda mshono wote, na yeye ni fundi pia. Mzee akafikiri, akacheka, akasema kweli. Karatasi ya majina ya watakaoshuka ilikuwa imeshapelekwa ofisini na jina lako, hakuna aliyeona sababu ya kuibadilisha.

Mie nikabaki kwenye boti, nimeshika simu ya waya inayoongea na Kambale. Dakika arobaini, kaka. Barua yako ilikuwa mfuko wa nyuma, nimeikalia. Mita sitini, mia, mia na thelathini. Kila mita ningeweza kusema pandeni juu. Maneno mawili. Nilikuwa najiambia, Kambale akifika mia na hamsini bila kitu basi wewe ulikosea, na kama ulikosea hakuna haja ya mtu kujua nilichoficha.

Albano alikuwa anaimba. Kisha akasema, "Fonsi, kuna samaki wa bluu hapa, wamejaa, umewakosa." Kisha mzee akasema, "Nyamaza kidogo, Albano." Nikasikia tik kwenye simu. Mzee akasema, "Alfonsi, ule upande wa bawaba..." Hakumaliza.

Waya ulilegea. Baadaye yalikuja mapovu, mafuta, na vipande vya rangi ya njano.

Niliondoka siku ile ile na lori. Wenye boti walitujua kama mafundi tu, mmoja wa sweta jekundu, mmoja asiye na sweta. Hakuna aliyeniuliza jina. Watafiti walikuwa waje wiki inayofuata.

Huku nafanya kibarua cha kufyatua tofali. Nimefikiri hivi. Kwenye karatasi aliyekufa ni Alfonsi, na Alfonsi yupo Segerea anakula maharage, watasema ni makosa ya ofisi. Gaudens hayumo popote. Tukinyamaza wote watatu, litapita. Ninyi mniache tu nife. Siombi kingine.

G.

*

Segerea, 25 Agosti 2024

Gaudens,

Sabuni imefika. Hii anaitoa Flaviana kwa siri, afande hataiona.

Nilipojua uko hai nilipiga magoti. Nakuambia hilo kwanza ili ulijue, kwa sababu yanayofuata hayana upole.

Flaviana alikwenda msiba wa Madale. Walizika jeneza lenye kofia ya mzee na miwani yake. Mama Auleria alimkumbatia, akamlilia kwa ajili ya "Alfonsi wangu aliyependa mapaja ya kuku." Pembeni yake alikuwepo msichana wa Kawe, anahudumia wageni, anaosha vyombo. Anjelina. Alimwambia Flaviana, "Mshukuru Mungu hata mmejua. Albano wangu kabaki ziwani anasaidia kutafuta, huko mtandao hakuna." Kila mtu pale anaamini hivyo, kwa sababu redio haikumtaja.

Gau, ndoa yao ilikuwa imeshatangazwa kanisani. Mara tatu, Jumapili tatu, padre anauliza kama kuna mwenye kizuizi. Tarehe kumi na saba mwezi huu alivaa gauni akakaa mpaka saa nane mchana, watu wakila kimya kimya. Sasa Kawe wanasema Albano kamkimbia. Mama yake Albano ameacha kumsalimia mkwe, anasema ndiye aliyemfukuza mwanawe kwa mahitaji mengi. Hao wote wanaishi ndani ya ukimya wako.

Na ukimya huo haupiti. Juzi walikuja watu wawili wa uchunguzi na karatasi yenye jina langu. Wakaniuliza nani alitumia cheti changu. Nikasema sijui. Wakasema basi nilimpa mtu, na watu wawili wamekufa, na hilo litaungana na kesi ya mabomba. Watarudi baada ya wiki mbili. Nitasema sijui tena.

Ujue kwamba sitakutaja. Askari waliokuja kuyachukua mabomba dukani kwangu sikuwaambia nani aliyanunua kwa wezi, na hawa sitawaambia nani aliyeshona pete. Mimi ni kaka yako na hivyo ndivyo nilivyo. Lakini hilo lisikupe usingizi. Mimi nimekaa kwenye kiti chako mwaka na nusu. Albano alikaa dakika arobaini.

Usiniandikie tena ndani ya sabuni.

Alfonsi

*

Kawe, 3 Septemba 2024

Kaka Alfonsi,

Shikamoo. Afande, shikamoo na wewe, soma yote.

Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo cha polisi. Aliye zamu ni mtu mzima anaitwa Ismail, ndiye aliyenipa kalamu na karatasi hii. Nilipoingia akaniuliza, "Kijana, umeibiwa nini?"

Nilianza kwa Anjelina. Nilikuwa nimejipanga maneno tangu Chanika, nikayapoteza yote getini kwao. Alikuwa anaanua nguo. Nikamwambia jina langu, lile la kweli, kisha nikamwambia Albano alikuwa kwenye kiti changu. Sikumficha kitu, chai ya moto nayo nikaisema, na simu. Akaniuliza swali moja tu: "Alikuwa anaogopa?" Nikasema hapana, alikuwa anaimba, kisha alikuwa anawatazama samaki wa bluu. Akauliza alikuwa anaimba nini. Nikamwambia. Akakaa chini, juu ya nguo alizoanua.

Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige. Akasema tu, "Nenda kamwambie mama yake, mie sitaweza." Nikaenda, nyumba ya tatu. Huyo alinipiga. Kwa mwiko, kisha kwa mikono, kisha akaning'ang'ania shati asianguke. Majirani wakatoka. Wengine walisema nichomwe moto. Anjelina ndiye aliyekuja akasimama mlangoni akawaambia wakae mbali, Albano asizikwe kwa damu. Kisha tukatembea wawili mpaka hapa kituoni, yeye mbele, mie nyuma. Amekaa benchi la pili sasa hivi, anasubiri kusikia nikiyasema mbele ya askari, asije mtu akamwambia kesho kwamba Albano alikimbia.

Nimeshasema. Kwanza Kambale: vijiti, jiko, mstari, rangi, barua yako. Ile barua wameichukua, imechakaa kwenye mikunjo ila herufi kubwa bado zinasomeka. Kisha cheti, kwamba nilikiiba kwenye sanduku lako ukiwa ndani tayari. Kisha mabomba. Nimewatajia niliyanunua kwa nani, siku gani, na kwamba wewe ulikuwa kanisani, uliyakuta dukani kama walivyoyakuta wao. Bwana Ismail aliacha kuandika akanitazama, akasema, "Na wewe ulimwacha kakako miezi yote hiyo?" Nikasema ndiyo mzee.

Mama Auleria bado sijamfikia. Nimemwomba Flaviana aende leo kabla habari haijamfika kwa njia nyingine.

Wanasema wakimaliza mahojiano watanipeleka mahakamani, na kutoka mahakamani watu wa kesi kama yangu hupelekwa Segerea. Wewe utatakiwa kuletwa mbele ya hakimu upya. Huenda mie naingia na wewe unatoka siku moja. Tukipishana getini usisimame kunisemesha, na usigeuke. Miezi yote hiyo nilikuwa napita mbali na hilo geti, acha sasa nilipite mwenyewe.

Shati lako la bluu lipo kwa Flaviana. Nililifua kwa mkono, nikalipiga pasi. Kola ina alama ndogo ya rangi ya njano, nimeisugua mpaka uzi umeanza kuchanika, haitoki. Nisamehe kwa hilo shati.

Bwana Ismail anataka kalamu yake.

Gaudens